Gregor Mendel: Mtawa aliyegundua siri ya urithi, gugu likamgomea

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MTU anayeshuka katika stendi ya mabasi ya Nyegezi na kushika njia ya Malimbe hukutana na mambo mawili ambayo kwa haraka hayana uhusiano wowote. La kwanza ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kinachomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. La pili ni maji ya Ghuba ya Mwanza, ambako kwa zaidi ya miaka 30 wavuvi wamekuwa wakipambana na gugu maji.

Hata hivyo, yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yanayaunganisha mambo hayo mawili, ingawa hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Mtu huyo alifariki dunia Januari 1884, miezi michache kabla ya mataifa ya Ulaya kukutana Berlin kujadili namna ya kuligawana bara letu. Naye ni Gregor Mendel, mtawa wa shirika la Mtakatifu Agustino, ambaye dunia nzima inamtambua kuwa ndiye aliyeweka msingi wa elimu ya urithi.

Mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyesoma baiolojia anamfahamu Mendel kwa njegere zake. Ni wachache walioambiwa kwamba baada ya njegere mtawa huyo alihamia kwenye gugu, na kwamba gugu hilo lilikataa katakata kufuata kanuni aliyokuwa ameigundua. Sehemu hiyo ya maisha yake, ambayo vitabu vingi vya shule huiruka, ndiyo inayowagusa zaidi wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria.

Mtoto wa mkulima

Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, wakati huo kikiwa ndani ya himaya ya Austria. Leo kijiji hicho kinaitwa Hynčice na kipo katika Jamhuri ya Czech. Jina lake la ubatizo lilikuwa Johann. Alikuwa mtoto wa kiume pekee wa Anton na Rosine Mendel, akiwa na dada mkubwa, Veronika, na mdogo wake wa kike, Theresia.

Baba yake alikuwa mkulima mdogo, tena asiye huru kamili. Kwa taratibu za wakati huo, alitakiwa kufanya kazi katika mashamba ya bwana mwenye ardhi siku tatu kila wiki bila malipo. Muda uliobaki aliutumia katika shamba lake na katika miti ya matunda, ambayo mwanawe alijifunza kuitunza na kuipandikiza tangu akiwa mdogo.

Walimu wa kijijini waliona kwamba mtoto huyo ana akili, wakashauri apelekwe shule za mbali. Wazazi walikubali, lakini uwezo wao ulikuwa mdogo. Alipokuwa akisoma katika mji wa Opava, waliweza kumlipia nusu tu ya chakula cha shuleni. Mwaka 1838 gogo lilimwangukia baba yake na kumjeruhi vibaya, na tangu hapo kijana huyo wa miaka 16 alilazimika kujitegemea. Alipata riziki kwa kuwafundisha wenzake tuisheni.

Njaa na wasiwasi vilimwangusha zaidi ya mara moja, akarudi nyumbani kitandani kwa miezi kadhaa. Aliyemwokoa ni mdogo wake. Theresia alitoa sehemu ya fungu alilowekewa na wazazi kwa ajili ya ndoa yake, ili kaka yake aendelee na masomo katika mji wa Olomouc. Mendel hakulisahau deni hilo. Miaka mingi baadaye, alipopata nafasi, aliwasaidia watoto wa kiume wa Theresia kusoma, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwalimu asiye na cheti

Mwaka 1843, akiwa na umri wa miaka 21, Mendel aliingia katika abasia ya Mtakatifu Thomas mjini Brno na kupewa jina la kitawa la Gregor. Abasia hiyo haikuwa mahali pa sala peke yake. Abati Cyrill Napp alikuwa mpenda elimu, na watawa wake walifundisha, walitafiti na kutunza bustani za majaribio. Kwa kijana maskini mwenye kiu ya kusoma, huo ulikuwa mlango pekee uliokuwa wazi.

Alipata upadri mwaka 1847, lakini kazi ya kuwahudumia wagonjwa na wanaokaribia kufa ilimshinda. Alikuwa akiugua yeye mwenyewe kila alipoona mateso yao. Abati akamhamishia kwenye ualimu, na huko aling'ara. Mwaka 1850 alikwenda Vienna kufanya mtihani wa kupata cheti cha ualimu, akashindwa, na miongoni mwa masomo yaliyomwangusha ni elimu ya viumbe.

Abati Napp hakumkatia tamaa. Alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna kati ya mwaka 1851 na 1853, ambako alisoma fizikia chini ya Christian Doppler na elimu ya mimea chini ya Franz Unger. Mwaka 1856 aliurudia mtihani, akaugua, akarejea Brno mikono mitupu. Hivyo basi, mtu ambaye leo anafundishwa katika kila shule duniani alifundisha kwa miaka 14 bila kuwa na cheti kamili cha ualimu.

Njegere na hesabu

Ni katika mwaka huo huo wa 1856 alipoanza majaribio yake katika kipande cha bustani ya abasia chenye urefu wa mita 35 na upana wa mita saba. Alichagua njegere kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe, na mtu akitaka kuchanganya aina mbili anaweza kuondoa sehemu za kiume kwa mkono kabla hazijakomaa, kisha akaleta chavua ya aina nyingine.

Wakati huo wengi waliamini kwamba sifa za baba na mama huchanganyika kwa mtoto kama maziwa na chai. Mendel alichanganya njegere zenye mbegu za mviringo na zile zenye mbegu zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza chote kikatoa mbegu za mviringo. Alipoviacha vizae tena vyenyewe, mikunjo ikarudi. Kati ya mbegu 7,324 alizohesabu, 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zilikunjamana, yaani takriban tatu kwa moja.

Alirudia kazi hiyo kwa sifa saba tofauti na mimea ipatayo 28,000 hadi mwaka 1863. Jibu lilikuwa lile lile. Akahitimisha kwamba kila mmea hubeba vitu viwili kwa kila sifa, kimoja kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama, na kwamba vitu hivyo havichanganyiki bali hutengana tena wakati wa kuzaa. Leo vitu hivyo tunaviita vinasaba.

Matokeo hayo aliyasoma mbele ya Chama cha Sayansi ya Asili cha Brno Februari na Machi 1865, na yakachapishwa mwaka 1866. Alijipatia nakala 40 za makala hayo na kuanza kuwatumia wataalamu. Takriban wote walikaa kimya.

Gugu lagoma

Aliyemjibu ni Carl Nägeli, profesa maarufu wa mimea mjini Munich. Nägeli hakuvutiwa sana na njegere. Yeye alikuwa bingwa wa mmea mwingine, gugu dogo la jamii ya alizeti lenye maua ya njano au rangi ya chungwa, ambalo wataalamu huliita Hieracium. Mendel tayari alikuwa amelifikiria gugu hilo, na kwa kutiwa moyo na Nägeli akalivamia kwa nguvu zake zote.

Kazi ilikuwa ya mateso. Kile kinachoonekana kuwa ua moja la Hieracium kwa hakika ni mkusanyiko wa maua mengi madogo sana, na kila moja lilipaswa kufunguliwa na kuondolewa sehemu za kiume bila kuharibiwa. Mendel alitumia kioo na lenzi kukusanya mwanga, mpaka macho yake yakachoka kiasi cha kumlazimu kusimama kwa muda.

Baada ya jitihada hizo zote, matokeo yalikuja kinyumenyume. Katika njegere, kizazi cha kwanza kilifanana chote na kizazi cha pili kikagawanyika. Katika gugu, machotara wa kizazi cha kwanza walitofautiana wao kwa wao, lakini kila mmoja alipozaa, watoto wake wote walifanana naye bila mgawanyiko wowote. Hapakuwa na tatu kwa moja. Hapakuwa na mgawanyo wa aina yoyote.

Mtu mwingine angeweza kuyafungia matokeo hayo kabatini. Yalikuwa yanapingana na kazi yake mwenyewe, tena mbele ya profesa mkubwa ambaye hakuwa ameikubali kazi hiyo. Mendel hakufanya hivyo. Juni 1869 alisimama tena mbele ya chama kile kile cha Brno na kueleza waziwazi kwamba gugu hili halifuati njia ya njegere. Makala yake yakachapishwa mwaka 1870.

Kodi na kifo

Kufikia wakati huo maisha yake yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1868 watawa wenzake walimchagua kuwa abati, na shughuli za uongozi zikammeza. Serikali ilipotunga sheria mwaka 1874 ya kuzitoza kodi kubwa nyumba za kitawa, Mendel aliikataa na kuipinga kwa barua na malalamiko mpaka mwisho wa uhai wake. Bado alifuga nyuki na kuandika kumbukumbu za hali ya hewa, lakini majaribio ya urithi yaliisha.

Alifariki dunia Januari 6, 1884 kwa maradhi ya figo, akiwa na umri wa miaka 61. Katika mazishi yake kinanda kilipigwa na Leoš Janáček, ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzi mashuhuri wa muziki. Watu wa Brno walimlilia abati na mfadhili wa maskini. Ni wachache sana waliojua kwamba wanamzika mwanasayansi.

Mwaka 1900 wataalamu watatu, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, kila mmoja kwa wakati wake, waliyaibua tena makala ya njegere. Jina la Mendel likafufuka. Swali la gugu lilibaki mpaka mwaka 1903, pale Carl Ostenfeld na Christen Raunkiær wa Denmark walipokata kwa wembe sehemu za juu za maua ya Hieracium, zikiwemo za kiume, kabla hayajafunguka. Maua hayo yaliyokatwa yaliendelea kutoa mbegu kama kawaida.

Maana yake ilikuwa wazi. Gugu hilo kwa sehemu kubwa huzaa mbegu bila kuhitaji baba. Kila mbegu ni nakala ya mama yake. Mendel hakuwa amekosea katika njegere wala katika gugu. Alichokuwa amekiona, bila kuwa na njia ya kukieleza, ni mmea unaojirudufu.

Alama za vinasaba

Kwa nini habari hii itushughulishe leo? Ni kwa sababu magugu mengi yanayovamia ardhi na maji ya watu yana tabia hiyo hiyo ya kujirudufu. Hieracium lenyewe limegeuka kuwa balaa katika malisho ya New Zealand na sehemu za Amerika Kaskazini. Ili kupambana na gugu la namna hiyo, swali la kwanza ni kama mtu anakabiliana na jamii ya mimea iliyochanganyika au na mmea mmoja uliojinakili mara mamilioni.

Kwa macho, jibu halipatikani. Majani yanaweza kutofautiana kwa sababu ya udongo au maji tu. Hapo ndipo zinapoingia alama za vinasaba. Watafiti huchukua jani, hutoa DNA yake, na kutafuta sehemu ambazo herufi chache za urithi zimejirudia mfululizo. Sehemu hizo huitwa mikrosatelaiti, ingawa hazina uhusiano na mitambo ya angani. Idadi ya marudio hutofautiana kati ya mmea na mmea, hivyo mashine ikizinakili na kupima urefu wake, kila mmea huonyesha sura yake.

Kimsingi hiyo ni hesabu ya Mendel iliyohamishwa kutoka kwenye mbegu hadi kwenye DNA. Mmea uliozaliwa kwa baba na mama huonyesha alama zilizogawanyika kama njegere. Ule uliojirudufu huonyesha alama zile zile za mama, kama gugu la Brno.

Mfano mmoja unatoka hapa hapa nchini. Zipo nyasi ndefu za malisho, asili yake Afrika, ambazo wataalamu walizoea kuziita Panicum maximum na siku hizi huziita Megathyrsus maximus. Zilisafirishwa hadi Amerika, Asia na visiwa vya Pasifiki, na katika nchi nyingi zimetoroka mashambani na kuwa wavamizi. Agosti 2023, moto ulipoteketeza mji wa Lahaina huko Hawaii na kuua zaidi ya watu 100, nyasi hizo zilitajwa miongoni mwa mimea ya kigeni iliyokuwa imekauka katika mashamba yaliyoachwa na kuuongezea moto nguvu.

Nyasi hizo nazo kwa kawaida huzaa mbegu ambazo ni nakala ya mama. Mwaka 1967 na 1969 watafiti wa Kifaransa walizunguka Kenya na Tanzania wakizikusanya, na katika eneo la Korogwe mkoani Tanga walipata aina adimu zinazozaa kwa kuchanganya baba na mama. Ugunduzi huo uliwawezesha wataalamu kuzalisha mbegu bora za malisho. Brazil ilitoa aina mbili kutoka katika mkusanyo huo, Tanzânia-1 mwaka 1990 na Mombaça mwaka 1993. Baadaye wanasayansi wa nchi hiyo walitengeneza alama za mikrosatelaiti za nyasi hizo, ili kupima tofauti zilizopo ndani yake.

Somo kwa Ziwa Victoria

Gugu maji si la jamii ya nyasi, lakini hesabu yake ni ile ile. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, Mto Kagera ukiwa njia yake kubwa, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika hekta zipatazo 20,000 katika ziwa zima. Mitumbwi ilikwama, mialo ikafungwa na samaki wakakosa hewa chini ya mkeka wa majani.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliopima alama za DNA za sampuli 1,140 za gugu maji kutoka maeneo 54 duniani, Afrika ikiwemo. Nakala moja tu, iliyopatikana pia Peru, ilikuwa asilimia 70.9 ya sampuli zote. Katika takriban asilimia 80 ya maeneo yaliyovamiwa, gugu lote lilikuwa la nakala moja. Kwa lugha nyepesi, sehemu kubwa ya gugu linaloitesa dunia ni mmea mmoja, uliokatika vipande na kubebwa na binadamu kutoka maji hadi maji kwa sababu ya uzuri wa ua lake.

Habari hiyo ina pande mbili. Wataalamu wengi huona kwamba gugu lisilo na tofauti za urithi ni rahisi zaidi kudhibitiwa na adui wa asili, kwa kuwa anayeweza kulila moja anaweza kuyala yote. Mbawakavu walioletwa kutoka Amerika ya Kusini na kuachiwa upande wa Tanzania kuanzia mwaka 1997 walisaidia, sambamba na mabadiliko ya hali ya hewa ya wakati huo, kulipunguza gugu kwa kiasi kikubwa.

Upande wa pili ni onyo. Kama mmea mmoja umetosha kuivamia dunia, basi kipande kimoja kinachotupwa katika bwawa, au kinachonasa katika wavu unaohamishwa kutoka mwalo hadi mwalo, kinatosha kuanzisha upya vita vyote. Aidha, gugu maji hutoa pia mbegu zinazokaa kwenye tope kwa miaka mingi, na uchafu unaotiririka kutoka mijini na mashambani huendelea kulirutubisha. Kulivuna bila kuzuia uchafu ni sawa na kutwanga maji kwenye kinu.

Vijana wanaosoma uvuvi na sayansi hapa Nyegezi wanao msingi wa kuijua kazi hii, kwa kuwa inaanzia kwa yule yule mtawa wa kitabu cha baiolojia. Njegere zake zilitupa kanuni. Gugu lake lilitupa tahadhari, na tahadhari hiyo ilitufikia kwa sababu alikubali kuchapisha matokeo yaliyomshinda. Ilichukua miaka 33 kabla ya mtu mwingine kuyaelewa, naye wakati huo alikuwa kaburini kwa karibu miaka 20. Laiti angeficha, wataalamu wangekosa moja ya dalili za mwanzo kabisa za mmea unaojirudufu, mmea wa aina ile ile ambayo wavuvi wa Mwanza wanaifahamu kwa mikono yao.